Nani Anampa Ladu Kitunguu

Daktari Chirau aliubinua mdomo wa paka kwa kidole gumba, akautazama ufizi, kisha akamwita Hawabai asogee naye aone. Ufizi uliotakiwa kuwa mwekundu ulikuwa mweupe pe, na pembeni umeingia umanjano. Hawabai alitazama kwa ajili ya adabu tu. Katika miaka yake sitini na saba hakuwahi kuitwa kukagua ufizi wa paka, seuze mbele ya mwanamke aliyekaa na mbwa aliyevishwa koti, akisubiri zamu yake huku akikiangalia kikapu cha ukindu alimoletwa mgonjwa.

"Anakula kitunguu?" daktari akauliza.

Hawabai akacheka. "Paka gani anakula kitunguu, daktari?"

"Anayelishwa chakula cha watu."

Kicheko kikamkatika. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa, kwamba paka huyu hula dagaa wa kuchemsha asubuhi na kichwa cha samaki jioni, kwa mkono wake yeye mwenyewe, na kwamba jikoni mwake hakitoki kitu asichokijua. Hilo alikuwa tayari kuliapia. Daktari, kijana wa Kidigo asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema damu ameitazama kwenye hadubini, na damu haina sababu ya kumsingizia mtu. Kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, hata rojo lake tu, huharibu damu ya paka. Na huyu hakula mara moja. Alikuwa akila kidogo kidogo, kila siku, kwa miezi.

"Kuna mtu anampa, mama. Mtafute. Akipewa tena, usijisumbue kumleta."

Ladu angelazwa siku mbili, atiwe maji ya mshipa, aangaliwe kama damu itarudi. Gharama yake ilikuwa shilingi elfu saba na mia tano. Hawabai alitoa noti zote zilizokuwa mkobani, na zilizopungua akazituma kwa simu, akisoma tarakimu moja moja kwa sauti kwa kuogopa kukosea. Mwenye mbwa akageuza uso, akajifanya hasikii. Hilo lilimuuma Hawabai kuliko hizo pesa. Akapanda tuktuk hapo Tudor kurudi Mji wa Kale, kikapu kitupu mapajani, na njia nzima akawa anawapitisha watu wa mtaa wake mmoja mmoja akilini kama polisi.

Ladu hakuwa paka wa kununuliwa. Miaka miwili nyuma Tayebali, mume wa Hawabai, alikwenda Liwatoni kutafuta nguru, akarudi bila nguru. Alikuja na kreti la plastiki, na ndani mlikuwa na kijipaka cha rangi ya dengu, mguu mmoja wa nyuma umesagwa na gurudumu la mkokoteni. Hawabai alisema yote ambayo mwanamke mwenye nyumba safi huyasema. Mguu ukakatwa, paka akapona, akapewa jina la ule utamu wa mviringo wa manjano unaoliwa sikukuu. Mtoto wao wa pekee, Taizoon, alikuwa Sharjah na mkewe, na nyumba ilikuwa kimya mno. Haukupita mwezi, Hawabai ndiye aliyekuwa akiwagombeza wauza samaki kwa kumpa vichwa vidogo.

Mchana Ladu hakuwa wake, alikuwa wa Tayebali. Mzee alikuwa na duka la misumari, bawaba, kamba na rangi, hatua mia mbili kutoka nyumbani, upande wa kuelekea Ngome. Kila asubuhi alitoka na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, tifini mkononi, na Ladu nyuma akimfuata kwa miguu mitatu, na watalii wakiwapiga picha. Hiyo tifini ilikuwa na mabakuli matatu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kubanwa kwa kishikio. Hawabai alitia wali chini, mchuzi katikati, na juu mkate na achari. Alikuwa akiamka alfajiri kuukaangia mchuzi wake kitunguu mpaka kiwe rangi ya kahawia, kama alivyofundishwa na mama yake.

Na katika nyumba za Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi kama wao, chakula hakimwagwi. Mtu huonja chumvi, hula, kisha hufuta chombo mpaka punje ya mwisho, na mtoto anayebakisha hukalishwa pale pale mpaka amalize. Tayebali hakuwahi kubakisha. Tifini ilirudi alasiri mabakuli yanang'aa, na Hawabai akahisi amesifiwa bila kusemwa neno. Usiku mume hakuwa mtu wa kula. "Cha mchana bado kiko hapa," alikuwa akisema, akijigusa kifua, kisha akanywa maziwa yake na kwenda kulala. Hiyo nayo Hawabai aliihesabu kuwa sifa.

Basi nani? Tuktuk ilipofika karibu na Ngome, Hawabai alikuwa ameshapata jibu. Katika mtaa mzima mtu mwenye vitunguu vya kujaza ndoo alikuwa mmoja. Naye alikuwa Mwanaesha, mjane anayekaanga bajia barazani kwake, mkabala kabisa na duka la Tayebali.

Alimkuta amezungukwa na wateja. Hawabai angeweza kungoja waondoke, lakini hakungoja. Alisema, rida yake, lile vazi la kujisitiri la Kibohora, imekaa upande kwa hamaki, kwamba paka wake yu hoi kwa bajia za watu, na kwamba mtu asiye na pa kutupa makombo yake aende akayatupe baharini, si mbali.

Wateja waligeuka kumtazama. Mwanaesha aliepua bajia zilizokuwa mafutani kwanza, maana hamaki ya jirani haikuwa sababu ya kuunguza biashara. Wanawake hao walikuwa majirani kwa miaka thelathini. Mwanaesha ndiye aliyemshika mkono Hawabai siku Taizoon alipozaliwa, na Hawabai alimpelekea chakula siku arubaini alipokuwa akikaa eda.

"Mama Taizoon," alisema, "kitunguu mimi nakinunua kwa kilo, sina cha kumpa paka. Na huyo wako haji kwangu. Hapo akaapo yuwashiba. Wewe utanitaka radhi, lakini si leo. Siku utakayojua."

"Nijue nini?"

Mwanaesha akamgeukia mteja wa mbele, akamuuliza alikuwa ametaka za shilingi ngapi.

Jioni Hawabai alimsimulia mumewe yote. Tayebali aliuliza kwanza kuhusu Ladu, amelazwa wapi, wamemfunika, mwenziwe wa chumba ni paka au mbwa. Aliposikia habari ya kitunguu alikiweka kikombe cha maziwa chini.

"Hata kilichopikwa?"

"Hata rojo, asema."

Tayebali hakukichukua tena kikombe. Hawabai akaendelea na kisa cha Mwanaesha, akikipamba kidogo hapa na pale kama ilivyo ada, akitazamia kuungwa mkono. Mume alimtazama kwa namna ambayo hakuizoea.

"Ulimwambia hayo mbele za watu?"

"Mbele za watu. Kwani yeye alimpa paka gizani?"

"Mwanaesha hakufanya," alisema Tayebali. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba anamjua tu, akainuka akaenda kutawadha kabla ya wakati.

Kulipokucha alikataa tifini. Alisema amefunga, na kwamba angefunga mpaka Ladu arudi nyumbani mzima. Hawabai alimtania kwamba kuna wake wa watu wamekufa bila kufungiwa hata nusu siku, lakini moyoni liliingia. Alimpigia Taizoon simu kumweleza baba yake alivyo, na Taizoon akacheka huko Sharjah, akatuma pesa ya daktari. Magharibi Tayebali alifungua kwa maziwa. Tende alikaa nayo mdomoni muda mrefu, kisha akaondoka nayo kuelekea msalani. Hawabai alikuwa bado anazungumza kwenye simu.

Siku ya tatu daktari alimruhusu Ladu, lakini hakumruhusu kwa furaha. Damu ilikuwa imeacha kuharibika, ila paka alikuwa amegoma kula. Kule kliniki alitiliwa kila kitu, cha kopo na cha mfuko, akageuza uso. Daktari Chirau alisema pengine akiwa kwao ataonja. Achemshiwe kuku mtupu, pasiwe na chumvi wala kitunguu. Akila, ataishi. Asipokula mpaka kesho, basi Hawabai amrudishe, na ajue kwamba ini lake litakuwa limeanza kushindwa.

Hawabai alichemsha kuku wa namna hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na harufu yake ikamkera. Alimkata kuku vipande vidogo kama ukucha, akampoza, akamweka Ladu mbele ya sahani kwenye sakafu ya jikoni. Ladu alilaza kidevu chini. Hawabai akabadilisha sahani, akampa kwa kidole, akamtia mchuzi wa huyo kuku mdomoni kwa kijiko cha dawa, nao ukamtoka pembeni ukaloanisha manyoya ya shingo. Mara alimbembeleza, mara alimkaripia. Saa sita ikafika, paka hajameza hata tone, na Hawabai akaanza kuogopa kweli kweli. Mbavu za Ladu ziliweza kuhesabika.

Akaamua kumpeleka dukani. Labda angekula kwa mkono wa Tayebali, maana huko ndiko alikokuwa akishinda. Alitaka chombo cha kuchukulia kuku, akaishusha tifini rafuni ilikokuwa imekaa siku mbili, akaiweka sakafuni, akafungua kishikio. Kile chuma kilitoa mlio wake.

Ladu akainua kichwa.

Alinyanyuka, akaanguka upande wa mguu usiokuwepo, akanyanyuka tena. Alikuja akijikokota sakafu nzima mpaka kwenye tifini, akakaa kitako mbele yake, mkia ameuzungusha miguuni, macho yakitazama mikono ya Hawabai. Alikaa vile anavyokaa mtu anayejua kwamba sasa ni zamu yake. Hawabai alitia vipande vya kuku katika bakuli la katikati. Paka hakulitazama. Alikuwa akingoja kifuniko. Hawabai alikigeuza kifuniko, akakitilia kuku juu yake. Ladu akainama akala.

Alikula mpaka akamaliza, kisha akalamba. Akalamba kifuniko, akahamia bakuli la mchuzi, akaingiza kichwa chote ndani, akaupitisha ulimi ukutani na chini kwa utaratibu, mpaka chuma kikang'aa.

Hawabai alikaa chini na magoti yake mabovu, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Akayatazama yale mabakuli. Akaikumbuka suruali ya Tayebali, jinsi alivyokuwa akiikaza kamba kila wiki na kusema ni uzee. Akakumbuka maziwa ya usiku, na kile kifua kilichokuwa kikiguswa. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alijua kila kitu kwa mara moja, na alijisikia vibaya mno.

Dukani Tayebali alikuwa akimpimia fundi Karisa kamba. Hawabai safari hii alingoja. Karisa alipoondoka aliiweka tifini juu ya meza, kati ya mizani na makopo ya misumari.

"Ladu amekula," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Amekula humu."

Tayebali aliitazama tifini, wala hakujitia kushangaa.

"Tangu lini, Baba Taizoon?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Kwanza ulikuwa mkate. Halafu wali. Sasa hata ndizi yakwama." Aligusa pale pale kifuani. "Maziwa yapita."

"Na hukunambia."

"Mufaddal alisema."

Mufaddal alikuwa kaka yake. Yeye alisema mapema, kwamba chakula hakishuki, wakampeleka hospitali, wakamtia mpira wenye taa kooni, wakamkata, wakamchoma na dawa, na kabla mwaka haujaisha jamaa walikuwa wamekusanyika kumsomea hitima. Tayebali aliyataja hayo bila kulalamika, kama anavyotaja bei ya bawaba. "Nikasema tukae kidogo kwanza. Mimi na wewe, na mambo yetu ya kila siku. Nilijua likitajwa, nyumba haitakuwa ile tena."

"Basi ungekimwaga, kuliko kunidanganya."

"Kumwaga chakula?" Alimtazama kama aliyeambiwa alichome moto duka. "Ningempa maskini kila siku, mtaa ungejua, na wewe ungejua. Ladu hasemi." Akakikunja kipande cha kamba kilichobaki mezani. Aliporudi kusema sauti haikuwa ile. "Sikujua chamuua. Wallahi, sikujua. Nilikuwa namuona achoka, nikafikiri hashibi, nikamzidishia."

Hawabai alikalia kopo la rangi. Alikuwa na hasira, wala hakutaka kuificha. Alimwambia kwamba kwa miezi mitano amekuwa akiamka alfajiri kukaanga vitunguu vya kumuua paka, huku mume wake akifa njaa, naye akiona fahari kwa bakuli safi. Alimwambia kwamba hilo hatamsamehe upesi. Kisha akalia, si sana, kwa ncha ya rida yake, na Tayebali akasimama upande wa pili wa meza asijue pa kuweka mikono.

"Funga duka," Hawabai akasema alipomaliza.

"Saa nane waleta rangi."

"Watakuta limefungwa."

Mwanaesha alikuwa na wateja, kama siku ile. Hawabai alivuka njia, akasimama pale pale aliposimama kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba alimkosea na amekuja kumtaka radhi. Kuna mteja aliyeanza kucheka, akatazamwa, akaacha.

Mwanaesha alipangusa mikono. Alimvuta kando, nyuma ya jiko.

"Nilikuwa namuona," alisema. "Kila adhuhuri ampigia magoti paka, amuwekea chakula chote. Mwanzo nilidhani ni mapenzi. Kisha nikaona nguo zamvuka, nikajua kuna jambo. Lakini hayo ni ya mtu na mkewe. Ningeingilia vipi?"

"Bora ungeingilia, Bi Mwanaesha."

Mwanaesha alifikiri. "Naam," akasema. "Bora ningeingilia. Nawe niwie radhi."

Alimuuliza hospitali wanakwenda lini, Hawabai akajibu kesho saa mbili, ingawa mume wake alikuwa hajaambiwa. Mwanaesha akasema atakuja kukaa na paka. Alitaka aelezwe vizuri huyo kuku apikwe vipi.

Alasiri ile Hawabai hakupika kitu kingine. Aliipasha moto supu ya kuku wa Ladu, akaiponda nyama mpaka ikawa laini kama uji, akaitia katika bakuli moja kwa ajili ya mumewe. Alitandika mkeka, akashusha sinia ambalo hawakulitumia tangu magoti yaharibike, wakakaa chini wote wawili, mmoja akimshika mwenziwe mkono. Pembeni Ladu alikuwa na kifuniko chake, akila kwa mara ya tatu, taratibu, akipumzika katikati. Ufizi wake ulikuwa bado mweupe. Daktari alikuwa amesema kwa simu kwamba utachukua wiki tatu, nne, kurudi rangi, na kwamba maadamu anakula hana wasiwasi naye.

Tayebali alionja chumvi, akasema bismillahi, akachukua kijiko. Hawabai alilitazama koo lake. Hakuwahi kumtazama mtu akimeza, na sasa aliona kazi iliyokuwa mle, jinsi shingo ilivyonyooka, mabega yalivyopanda, macho yalivyofumbwa. Cha kwanza kilishuka. Cha pili kilishuka kwa tabu. Cha tatu alikaa nacho, akameza mara mbili, akangoja. Cha nne kilirudi, akakitema katika leso yake na kuomba radhi, kama mgeni aliyemwaga chai.

Akatulia mpaka pumzi ikamrudi. Kisha, kwa mazoea ya miaka sabini, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaliinua mdomoni ili alimalize.

Hawabai akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Bakisha," akasema.

"Kitamwagwa."

"Nami nasema bakisha. Nataka nikione."

Tayebali hakuelewa mara moja. Alipoelewa akaliacha bakuli likarudi siniani, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, mbele ya mkewe, akaondoa mkono kwenye chakula ambacho hakijaisha. Hawabai alilivuta kwake. Alilisogeza penye mwanga wa dirisha, akalitazama vizuri, ili kesho daktari akimuuliza ni kiasi gani mumewe anakula, asije akaapa tena kwa asichokijua.

Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu.